Waliingia Wawili, Wakatoka Watatu

Ijumaa hiyo Padri Theophil Lyimo alikuwa amezima simu, amefunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo, na nje amebandika karatasi kwa Kifaransa na Kiswahili: Sipo mpaka saa sita mchana. Saa mbili na dakika kumi kengele ya nyumba ya mapadri ikalia. Akaiacha. Ikalia tena. Mara ya nne mtu aliacha kidole juu ya kitufe bila kukiondoa, na Padri akashuka ngazi na soksi zake, uso ameukunja.

Mlangoni alisimama Arnaud Kabamba, fundi wa lifti, amevaa sare ya kazi na begi la vifaa liko begani. Hakuwa mtu wa kanisani sana. Alionekana Krismasi, na siku baba yake alipohitaji kusindikizwa.

"Baba amepotea," alisema kwa Kifaransa. "Tangu jana mchana. Ametoka kule kwenye nyumba ya wazee, hakuna aliyemwona. Polisi wanamtafuta."

"Pole sana, Arnaud. Lakini kama polisi wanamtafuta, mimi nitafanya nini?"

"Wanasema wewe unajua kutafuta."

"Nani wanasema?"

"Watu wote."

Padri Theophil alifumba macho. Kosa lake lilikuwa moja tu. Miaka miwili nyuma kalisi ya fedha, kikombe cha Misa, ilipotea siku moja kabla ya Komunyo ya Kwanza. Watu walimshuku fundi wa Kipolandi aliyekuwa akipaka rangi sakristia, chumba cha padri kujiandalia Misa, kisha wakaanza kushukiana wenyewe. Yeye aliuliza maswali mawili, akaenda jikoni kwenye ukumbi wa parokia, akafungua mashine ya kuoshea vyombo, akaitoa kalisi katikati ya sahani. Basi. Tangu siku ile Wakongo wa Misa ya Kiswahili pale Schaerbeek, mtaa wa Brussels, walimwita Commissaire, yaani kamishna wa polisi. Walimletea paka waliopotea, waume wasiopokea simu, mkoba uliosahauliwa kwenye tramu. Askofu wake kule Moshi alikuwa amemtuma Ubelgiji miaka mitatu kusoma sheria za Kanisa. Huu ulikuwa mwaka wa sita, na sura ya tatu ya tasnifu yake ilikuwa bado juu ya meza, haijaisha.

Lakini Padri alimjua vizuri mzee huyo aliyepotea. Papa Florent, miaka themanini na mmoja, zamani dereva wa treni Likasi, Kongo, sauti nene kuliko zote katika kwaya. Mke wake alipofariki alianza kusahau mambo. Aliacha gesi inawaka mara mbili, na miezi minane iliyopita Arnaud akampeleka kwenye nyumba ya wazee iliyoko kusini mwa mji, karibu na msitu. Ilikuwa mbali. Tangu hapo Padri alikuwa amekwenda kumwona mara moja, wakati wa Pasaka, dakika ishirini.

Hilo ndilo lililomfanya avae viatu.

*

Kwenye nyumba ya wazee walimkuta inspekta wa polisi aliyeitwa Mustafa, mtu mrefu mwenye mafua, amekaa mbele ya kompyuta ya mapokezi.

"Tumeangalia picha za kamera mara sita," alisema. "Mlango ni huu mmoja. Hakuna mzee anayetoka."

"Naweza kuona?"

Inspekta alimtazama Arnaud, kisha kola nyeupe ya Padri, akapiga chafya na kusogeza kiti.

Kwenye picha za Alhamisi mvua ilikuwa ikinyesha. Saa tisa kasoro dakika kumi waliingia wanawake wawili, vitenge vimening'inia chini ya makoti marefu ya mvua, kofia za makoti zimefunika nyuso. Mmoja alibeba mfuko mkubwa. Baada ya nusu saa walitoka, wameshikana mikono, wameinamisha vichwa.

"Rudisha," alisema Padri. "Wameingia wangapi?"

"Wawili."

"Na wametoka wangapi?"

Inspekta aliangalia kioo kwa muda mrefu. Alirudisha picha tena, akahesabu kwa kidole, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu.

"Huyu wa katikati," Padri alisema, "anaburuta mguu wa kulia. Na hivyo ni viatu vyake vya kanisani. Anavipaka rangi mwenyewe."

Arnaud alikaa chini. "Kwa hiyo yuko hai."

"Yuko hai, na amevaa kitenge."

"Wanawake hao ni akina nani?" inspekta aliuliza.

"Kwenye Misa yangu kuna wanawake kama mia mbili wenye vitenge na makoti ya mvua."

"Utawauliza?"

"Nitawauliza," alisema Padri, na moyoni alijua namna watakavyomjibu.

Muuguzi wa zamu, msichana aliyeitwa Anaïs, alikuwa amesimama pembeni muda wote huo. Sasa alitoa simu yake. Alisema mzee hazungumzi tena, ila wakati wa chakula cha jioni hupiga kelele, kelele tu, bila maana, na daktari alitaka kusikia kabla ya kuongeza dawa ya kumtuliza. Kwa hiyo alikuwa amemrekodi siku ya Jumatano. Labda ingesaidia.

Padri aliweka simu sikioni. Kulikuwa na mlio wa sahani, kisha ile sauti nene:

"Mama, hii supu iko baridi. Nasema iko baridi. Mufungue kadirisha kidogo, kuko joto humu. Unanisikia? Na mutoto yako, ile homa, alipona? Nauliza mutoto. Alipona?"

Aliisikiliza mara mbili. Kisha akaitafsiri kwa Kifaransa, sentensi moja moja, jinsi ilivyokuwa.

Anaïs alishika ukingo wa meza. "Nilimwambia mwanangu anaumwa," alisema. "Wiki iliyopita, wakati namvisha. Nilikuwa naongea tu. Sikujua kwamba anasikia."

"Anasikia Kifaransa. Anakujibu kwa Kiswahili."

"Kwenye faili tumeandika hana mawasiliano."

Arnaud aliinuka, akaenda kwenye korido, akasimama mbele ya lifti ya pale, akabonyeza kitufe na kuuangalia mlango ukifunguka na kufungwa.

*

Jumamosi Padri Theophil alipiga simu thelathini na moja. Alikuwa hajawahi kuwasikia wanakwaya wakiwa na shughuli nyingi namna ile. Mmoja alikuwa mezani, mwingine alikuwa sokoni, mwingine alisema mtandao ni mbaya na sauti yake ilikuwa safi kama kengele. Wote walimwombea mzee. Wote walisema Mungu ni mkubwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama amepatikana. Jambo hilo lilimkera kuliko uongo wenyewe, maana hilo ndilo swali la kwanza analouliza mtu mwenye wasiwasi.

Saa kumi alikwenda kusikiliza maungamo. Kwa kawaida walikuja watu wawili au watatu. Alipofungua kidirisha cha kwanza, harufu ya mafuta ya nywele ilipita kwenye matundu ya mbao, na sauti aliyoijua vizuri ikasema:

"Unibariki, Padri, juu nilifanya zambi. Siku ya ine, mu mvua..."

Siku ya ine ilikuwa Alhamisi, na sauti ilikuwa ya Maman Alphonsine, mwenye saluni ya kusuka nywele kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, mama wa Lubumbashi mwenye miaka sitini, ambaye kwenye kwaya aliongoza bila kuchaguliwa.

"Simama," Padri alisema.

"Nitasimama namna gani? Niko mu magoti."

"Acha kusema, basi. Maman, sikiliza. Kama unachotaka kuniambia kinahusu mtu anayetafutwa na polisi, usiniambie hapa. Toka, unisubiri kwenye korido, uniambie kama mtu anavyomwambia mwenzake."

"Mu koridoro hapana. Ni hapa njo nataka."

"Najua kwa nini unataka hapa."

"Hapa hautaweza kusema kwa muntu."

"Hasa."

"Donc ni muzuri."

"Si vizuri hata kidogo. Ukiniambia hapa, siwezi kumwambia mtoto wake, siwezi kumwambia polisi, siwezi hata kubadilisha njia ninayopita barabarani kwa sababu ya ulichosema. Umenifunga mikono na miguu. Nenda ukaungame kwa padri mwingine. Yupo Padri mzee wa Misa ya asubuhi."

"Ule Mubelgiji? Hasikiake Kiswahili."

"Mungu anasikia."

Kisha mbao zililia, na harufu ya mafuta ya nywele ikaondoka.

Padri Theophil alibaki amekaa gizani na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Hakuambiwa lolote, na hata hivyo alikuwa ameelewa kila kitu. Mtu mwingine angetoka, angepanda basi, angebisha mlango wa saluni. Yeye hakuweza. Mama yule alikuwa amepiga magoti, alikuwa ameanza, na alichoanza kukisema kilikuwa cha kiti cha maungamo. Sura ya tatu ya tasnifu yake ilihusu jambo hilihili: padri haruhusiwi kuyatumia aliyoyajua katika maungamo, hata kwa nia njema. Alikuwa ameandika kurasa arobaini. Jioni alizisoma zote upya, akitafuta mwanya, na akagundua kwa uchungu kwamba ameziandika vizuri. Hapakuwa na mwanya.

Arnaud alipompigia kuuliza kama kuna habari, alijibu, "Nakuomba uje Misani kesho." Hakuwa na kingine cha kumpa.

*

Jumapili Arnaud alikaa benchi la mbele, ndevu hajanyoa. Nyuma yake kwaya iliimba kwa nguvu sana, ikimkwepa kwa macho. Padri alihubiri dakika arobaini juu ya ukweli. Alijua ni ndefu na hakujali. Alimwona Maman Alphonsine ameinua simu, anairekodi Misa nzima, jambo ambalo alikuwa ameshalikataza mara mbili.

Baada ya Misa, kwenye sakristia, alikuja Mama Georgina. Huyu alikuwa Mtanzania, mke wa dereva wa ubalozi, mwanamke mtaratibu aliyepewa kazi ya kupeleka Ekaristi kwa wagonjwa kila Jumapili. Aliweka mezani kile kikopo kidogo cha dhahabu cha kubebea hostia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele na milele. Wanne, kama kawaida?"

"Leo watano."

Padri alikuwa tayari ameshahesabu nne. Mkono wake ulisimama hewani. "Wagonjwa kwenye orodha ni wanne, Mama Georgina."

"Ni kweli. Ila leo ni watano."

"Wa tano ni nani?"

"Mzee mmoja hivi."

"Huyo mzee mmoja hivi ana jina?"

Georgina alitazama mishumaa, akatazama kabati la kanzu, akatazama viatu vyake. "Jamani, Padre. Unanipa au hunipi?"

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, Padri Theophil alihisi kifua kinafunguka. Hili halikutoka kwenye kile kiti. Limetoka hapa, mezani, mchana, kwa mdomo wa mtu aliyesimama kwa miguu yake. Na padri ana wajibu wa kuwajua wagonjwa wake.

"Sikupi," alisema. "Nitampelekea mwenyewe. Vaa koti, tunaondoka."

"Padre, mimi nina wageni nyumbani..."

"Vaa koti, mama."

Walipanda metro mpaka Porte de Namur. Kwa kuwa alikuwa amebeba Ekaristi kifuani hakuweza kuongea ovyo njiani, na huo ulikuwa mtihani, kwa sababu maneno aliyokuwa nayo yangetosha kutoka Schaerbeek hadi Matonge, mtaa wa Wakongo, na kurudi. Georgina alitembea hatua mbili mbele yake, ameinama kama mtu anayepelekwa mahakamani. Walipita maduka ya vitenge na ya samaki wakavu, wakapita watu waliosimama barabarani wakicheka, wakaingia mlango mwembamba ulio kando ya saluni. Ngazi zilikuwa kali, zinazunguka. Alihesabu arobaini na nane.

Mlango wa juu ulifunguliwa na Maman Alphonsine. Aliona kola, akaona kikopo cha dhahabu, akapiga magoti palepale. Nyuma yake, kando ya dirisha lililofunguliwa wazi, Papa Florent alikuwa amekaa na shati jeupe na viatu vyake vya kanisani, bakuli la maharage mapajani, anayachambua. Mbele yake simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, na kutoka ndani yake Padri alisikia sauti yake mwenyewe ikihubiri juu ya ukweli.

"Commissaire," alisema mzee. "Umechelewa. Mi nalisema utakuya siku ya tano. Alphonsine akasema siku ya posho. Shi wote tulipoteza."

Padri alielewa kwamba walikuwa wamebashiri, mzee Ijumaa, Alphonsine Jumamosi. Mzee aliweka bakuli kando, akajifuta mikono. "Na mahubiri ya leo ilikuwa murefu."

Padri alimpa Ekaristi kwanza. Alisali naye Baba Yetu, na mzee hakukosea hata neno. Kisha alifunga kikopo, akakiweka mfukoni, akageuka.

"Siku tatu," alisema. "Polisi wanazungusha mbwa msituni. Mtoto wake hajalala. Wiki nzima nyinyi wawili mmenitazama usoni mkiimba."

"Ni siku tatu, Padre, si wiki," alisema Georgina taratibu.

"Mama Georgina, usinihesabie."

Alphonsine aliinuka kutoka magotini, akashika kiuno. "Bon. Ngoja nikuambie. Nalienda kule kumunyoa, hii ni wiki mbili. Nakuta muzee amelala saa ine ya asubui, dawa imemulevya. Anafungua macho, ananiona, analia. Anasema, 'Alphonsine, tangu lini sikusikia muntu ananiita jina yangu muzuri.' Mi naliuliza balé ba infirmières benye kumuchunga, banasema hasemake kitu. Hasemake? Muzee alinisemea masaa mbili, mupaka sauti ikaisha."

"Na hukuniambia mimi?"

"Nalikuambia. Kisha ya Misa, ku mulango. Nalisema, 'Padri, fika uone Papa Florent.' Ukasema, 'Nitaangalia ratiba.'"

Padri Theophil alijua ni kweli. Alikumbuka. Alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, na alikuwa na haraka.

"Kwa hiyo mkamwiba," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Nalitoka na miguu yangu," Papa Florent alisema. "Hakuna aliniiba."

"Mlifikiri itaishaje?"

Wanawake walitazamana. Georgina ndiye aliyejibu. "Tulijua Arnaud atakuja kwako, Padre. Kila mtu anakuja kwako. Tukasema utafika kule, utaona wanavyoishi naye, kisha utampata, kisha utazungumza na Arnaud. Sisi hawezi kutusikiliza. Wewe atakusikiliza."

"Mngeweza kunipigia simu."

"Tungekupigia ungetwambia tumrudishe kwanza."

Alikuwa amekasirika kiasi cha kutaka kuketi, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa na kofia ya kukaushia nywele. Alikaa chini yake. "Maman Alphonsine, mpigie Arnaud. Si mimi. Wewe."

*

Arnaud alifika baada ya dakika ishirini. Walimsikia akipanda zile ngazi bila kupumzika. Aliingia, akamwona baba yake, akasimama katikati ya chumba mikono inaning'inia. Kisha alianza kuwafokea wanawake kwa Kifaransa, maneno makali, kuhusu mahakama na aibu, na Alphonsine alimjibu kwa Kiswahili, na wote wawili hawakusikilizana hata kidogo.

"Nyamazeni," Padri alisema. "Arnaud, kaa. Maman, chai."

Arnaud alikuwa ameletwa Brussels akiwa na miaka minne. Kiswahili alikisikia kwa mama yake, na alijua majina ya vyakula na namna ya kusalimia, basi. Alimgeukia baba yake na kumwuliza kwa Kifaransa kwa nini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilitembea, ikatafuta, ikaacha. Akamtazama Padri.

"Umwambie Kifaransa inaniachaka," alisema. "Kila asubui naamuka, kuna neno moja haiko. Siku moja nalitaka kijiko. Naliangalia ile kijiko, najua ni kijiko, natafuta jina ya Kifaransa, haiko. Nikasikia haya. Muntu aliendesha train miaka makumi tatu, sasa hajui kuita kijiko. Nikasema, afazali ninyamaze. Baseme muzee kichwa iliharibika. Ni vizuri kuliko bajue."

Padri alitafsiri. Alijaribu kutoongeza wala kupunguza, hata alipofika kwenye kijiko.

"Lakini kwa Kiswahili?" Arnaud aliuliza.

"Kwa Kiswahili yote iko," mzee alijibu kabla swali halijatafsiriwa. "Mupaka leo."

Arnaud aliinamisha kichwa. Alizungumza akitazama sakafu. "Mwambie ni mimi. Kila Jumapili nilipokwenda, akianza Kiswahili nilimwambia, Baba, Kifaransa, hapa hawakuelewi. Nilifikiri namsaidia. Mwambie hivyo."

Padri alimwambia hivyo. Papa Florent alikubali kwa kichwa, kama mtu anayesomewa habari ya zamani.

"Najua," alisema. "Umwambie alikonda. Hakulake?"

"Anasema umekonda. Anauliza kama unakula."

Arnaud alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akajifunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Georgina aliweka kikombe cha chai mbele yake na kurudi nyuma haraka.

Inspekta Mustafa alifika na mafua yake, akakataa chai, kisha akainywa. Alimwuliza mzee, kupitia Padri, kama alichukuliwa kwa nguvu. Mzee alirudia habari ya miguu yake. Inspekta alisema mzee ni mtu mzima, hakuna hakimu aliyemwekea msimamizi, anaweza kutoka anapotaka, hata na kitenge. Kisha alimwambia Padri, kwa sauti ya chini, kwamba mbwa wale wa msituni walikuwa wanne, na kwamba ripoti itakuwa na kurasa nyingi, na kwamba bibi yake mwenyewe, kabla ya kufa, alizungumza Kituruki cha kijijini kwao ambacho hata mama yake hakukielewa vizuri. Alikunja daftari na kuondoka.

Halikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyomchosha Padri zaidi. Alphonsine alitaka mzee abaki kwake. Arnaud alitoka nje, akaupima uwazi wa ngazi kwa macho ya kazi yake, akarudi na kusema hapa lifti haiwezi kuingia, na baba yake hawezi kushuka ngazi arobaini na nane. Ndipo ikajulikana kwamba Jumamosi mzee alianguka kwenye ngazi ya tatu, na wanawake walikuwa wamekubaliana kutosema. Padri aliwasuluhisha siku ile, na Jumanne, na Ijumaa iliyofuata. Aliandika barua, akapiga simu, akangoja muziki wa simu za ofisi mpaka akaukariri. Arnaud alichukua likizo, akakaa na baba yake wiki tano kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, wakigombana kwa ishara.

Hatimaye nafasi ilipatikana kwenye nyumba nyingine ya wazee, Ixelles, dakika kumi kwa miguu kutoka saluni, ambako zamu ya mchana alikuwepo mama mmoja wa Kolwezi, Hadassa, mwenye Kiswahili kama cha mzee. Haikuwa paradiso. Mzee aliendelea kusahau. Siku nyingine alimwita Padri kwa jina la kaka yake aliyefariki, na akamlaumu kwa baiskeli fulani. Lakini dawa ya kumtuliza ilipunguzwa, kisha ikaachwa. Wanawake wa kwaya walipanga zamu na kubandika karatasi yake kwenye sakristia, na Padri Theophil, bila kuulizwa, aliona jina lake limeandikwa Jumatano zote.

Jumatano moja ya Novemba alikuwa amekaa kati ya baba na mtoto, kama mkalimani. Arnaud alivuta pumzi, akasema polepole, kila neno limejitenga na jirani yake:

"Baba. Leo. Nalitengeneza. Lifti. Ya. Église."

"Église? Kanisa gani iko na lifti?" mzee aliuliza.

Arnaud alikwama. Alimtazama Padri, na Padri akajiweka sawa atafsiri. Papa Florent aliinua mkono.

"Padri, wee nyamaza kwanza. Umwache atafute."

Padri alinyamaza. Arnaud alitafuta. Ilichukua muda mrefu sana, na neno alilolipata halikuwa lenyewe, na baba yake alilirekebisha, akalirudia, akamfanya alirudie naye. Baada ya kama robo saa mzee aligundua kwamba mtu wa tatu bado yupo.

"Unaweza kuenda," alimwambia kwa upole. "Uko na kazi mingi."

Hakuna aliyemsindikiza mlangoni. Nje mvua ilikuwa imeanza, na alipofika kituo cha basi, mkabala na nyumba ile, ndipo alipokumbuka kwamba ameacha mwavuli wake chini ya kiti cha mzee. Aligeuka, akapiga hatua tatu kurudi. Kupitia dirisha la chini aliwaona, vichwa vimesogeleana, mzee anachora kitu hewani kwa kidole. Padri Theophil alisonya, akainua kola ya koti, akauacha mwavuli palepale, akaamua kwenda kwa miguu.